Sauti Zimo Ndani

Jina la Bwana Imeisha hakupewa na adui. Alipewa na dada yake wa tumbo moja, siku za daftari na penseli, yeye akiwa na miaka minane na dada kumi na sita. Dada alikuwa akimpa hesabu kumi mezani, na kabla hajakaa sawasawa kwenye kiti anasikia, "Imeisha." Akilivuta daftari anakuta majibu kumi yamepangwa vizuri, na njia ya kuyapata haipo hata moja. "Jibu bila njia halina alama," dada humwambia, na daftari linarudi lilikotoka. Tuseme ukweli, nane kati ya kumi huwa sahihi. Lakini yale mawili, ukimwuliza ameteleza wapi, hana pa kuonyesha.

Watu hukua, tabia zao hubadilisha nguo tu. Dada akawa mwalimu wa hesabu, mwenye sauti ya kusikika mpaka darasa la tatu kutoka lake. Mdogo wake akawa mtunga programu kwenye kampuni moja ya vifaa vya mabomba, kazi yake kuandika skripti, yaani programu fupifupi, za kuhesabu viungio na koki zilizobaki stoo. Hata huko, wiki ya kwanza haijapita, wenzake wakawa wanamwita Bwana Imeisha, na wala hawakuambiwa na mtu.

Ugonjwa wa dada ulianzia ulimini. Asubuhi moja darasani alitaka kusema "sabini na saba," neno likamjaa mdomoni likakataa kutoka. Wanafunzi wakacheka, naye akacheka. Mwezi uliofuata hakucheka mtu. Daktari alitaja ugonjwa wenye jina refu na dawa fupi: hakuna. Akasema ulimi utatangulia, mikono itafuata, na mengine yatakuja kwa zamu yake. Alisema kwa upole, na Bwana Imeisha aliuchukia upole ule kuliko maneno yenyewe.

Wakapelekwa kwa mtaalamu wa usemi, mama mmoja mwembamba ambaye kalamu haikumtoka sikioni. Yeye hakuzunguka.

"Mwalimu, sauti yako unayo kwa miezi miwili, mitatu ukijaliwa. Irekodi sasa hivi. Sentensi zote unazozitaka. Baadaye kompyuta itazisema kwa niaba yako. Kompyuta zenye sauti ya kutengeneza zipo pia, ila hiyo si yako."

"Mtoto wangu," dada akasema, akiyasukuma maneno moja moja, "hatanijua kwa sauti ya kutengeneza."

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa miaka minne, nyumba nzima ikimwita Bibi Maswali, kwa sababu hakuwahi kutoa sentensi isiyo na swali mkiani. Dada alikuwa ameshapiga hesabu. Akifa binti akiwa na miaka mitano, au sita, sauti ya mama itafutika kichwani mwake kama chaki ubaoni. Kwa hiyo hakuwa anatafuta chombo cha kuombea maji tu. Alitaka binti yake ajaliwe kumsikia mama yake mpaka atakapokuwa mtu mzima, na asipate kuuliza watu baki, mama alikuwa anaongeaje.

Bwana Imeisha akasema, "Niachieni mimi. Hiyo ni skripti ndogo, wiki moja imeisha."

Chumba cha nyuma nyumbani kwa dada kikageuzwa studio. Shemeji, yaani mume wa dada, mwoka mikate ambaye unga haukumtoka kwenye kope hata Jumapili, alitundika mablanketi matatu ukutani ili mwangwi usiwasumbue. Maikrofoni ikasimamishwa juu ya rundo la vitabu. Dada akaja na daftari la mistari ya miraba, sentensi zake ameziandika na kuzipa namba, mia nne na kumi na mbili. Kila jioni walirekodi ishirini, siku ya ulimi mzito kumi, mpaka ulimi ukichoka.

Sentensi ya kwanza haikuwamo daftarini. Mdogo mtu, kwa haraka yake, alibonyeza kitufe kabla dada hajavaa miwani, na maikrofoni ikamnasa akisema, kwa sauti yake yenyewe ya darasani, nusu anagomba nusu anacheka: "Ngoja kidogo, sijaanza bado." Wakacheka wote watatu. Bwana Imeisha akasema hiyo haifutwi, itakuwa namba sifuri, ya kujaribia mitambo.

Zikafuata zenyewe. Nina kiu. Geuza mto. Fungeni dirisha, mbu. Usinisemee, namaliza mwenyewe. Leo umeunguza mikate, nasikia harufu mpaka huku. Jibu bila njia halina alama. Na jina la binti yake alilirekodi mara kumi na moja: la kumwamsha, la kumwita kula, la kumkemea, la kumtafuta akiwa amejificha nyuma ya pazia na vidole vya miguu vinaonekana, la kumpongeza, la kumwombea usingizi. Lile la kumi na moja aliomba wamwache peke yake chumbani. Lilikuwa la siku ya harusi ya binti, kama itakuwapo.

Alimaliza sentensi ya mwisho siku ya ishirini na sita, mate yakimtoka, shemeji akimshikia kitambaa. Wiki mbili baadaye ulimi ukalala. Kilichobaki kooni kilikuwa mguno, wa furaha na wa maumivu ukiwa mmoja. Mikono nayo ikaanza kufuata, kama daktari alivyosema, mpaka akabakiwa na dole gumba la kulia.

Skripti ilikuwa nzuri, tusimnyime mtu haki yake. Ilionyesha vibao vikubwa kwenye kioo, kila kibao na sentensi yake, ukibonyeza kinasema. Vile kumi na moja vya jina alivitilia picha ya Bibi Maswali anacheka, meno nje. Tatizo ni kwamba skripti tupu haiendi kwa mtu. Ili iendeshwe kwenye kompyuta nyingine ni lazima kwanza uifungashe, yaani uikusanye na kila inachokihitaji, uifunge iwe kifurushi kimoja ambacho mtu anakibonyeza mara mbili kikafunguka. Na kifurushi kina ukabila wake. Kilichofungashwa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta hakifunguki kwenye mfumo mwingine, kama ufunguo wako usivyofungua kwa jirani. Ukitaka kutumia mifumo miwili, unafungasha mara mbili, kila mara ukiwa ndani ya mfumo wenyewe.

Sasa msomaji anishikie mambo matatu. La kwanza, sauti zote zilikuwa zimehifadhiwa kwenye folda ya Muziki ya kompyuta ya Bwana Imeisha, kwa sababu huko ndiko kirekodi kilikojizoelea kuzimwaga. Skripti yenyewe ilikaa kwenye folda nyingine. La pili, katika siku za mwanzo aliandika mstari mmoja, wa kumi na tisa, unaosema hivi: sauti isipoonekana ndani ya kifurushi, nenda ukaitafute kwenye Muziki. Mstari wa kujirahisishia kazi. La tatu alilifanya kwa mapenzi. Programu zikikosa kitu hupiga kelele kwenye kioo, maneno mekundu yasiyo na kichwa wala miguu. Hakutaka dada yake, kitandani, atishwe na maneno kama hayo. Akaiamuru programu kwamba ikikosa sauti, inyamaze tu.

Siku ya kufungasha, Ijumaa, alianza na jaribio. Kwenye orodha ya vitu vya kufungwa akaandika jina la sauti moja tu, ile namba sifuri, aone kama mtambo wa kufungasha unakubali. Ukikubali, atabadilisha mstari ule na kuweka folda nzima. Mtambo ukakubali. Akafungua kifurushi, akabonyeza sifuri, dada akasema asubiriwe kidogo, hajaanza bado. Akabonyeza ya pili kujaribu bahati, nayo ikasema. Akabonyeza ya tatu. Zote zinasema. Alikaa pale akazibonyeza zote mia nne na kumi na mbili, moja baada ya nyingine, na kwenye zile kumi na moja akalia bila kujificha, maana alikuwa peke yake. Alipofika mwisho alifuta uso kwa kola ya shati akasema peke yake, "Imeisha."

Ile orodha hakuirudia tena. Angeirudia ya nini, na masikio yake yameshasikia?

Siku hiyohiyo mtaalamu wa usemi akapiga simu. Hospitali imepata kompyuta ya msaada, inafungwa kwenye mkono wa chuma kando ya kitanda, inaendeshwa kwa kitufe kimoja chini ya dole gumba. Mwalimu ataletewa Jumatatu. Ila inatumia mfumo mwingine.

"Hakuna shida, mama. Nitafungasha upya."

"Na zile rekodi, una nakala yake mahali pengine? Mimi napenda ziwe mahali pawili."

"Sauti zimo ndani," alisema Bwana Imeisha. "Zimefungwa humo humo. Popote programu inapokwenda, zinakwenda nayo."

"Basi vizuri. Lakini weka nakala, mwanangu. Akiba haiozi."

Akaitikia ndiyo, ile ndiyo ya simu. Kompyuta yake ilikuwa moja, na diski yake ndogo, haina nafasi ya mifumo miwili. Ya ofisini hairuhusiwi kuguswa. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi alichukua flashi, akapakia humo folda ya skripti na kifurushi cha kwanza, akahakikisha vimeingia, akavihakikisha tena. Folda ya Muziki aliipitia kwa jicho. Nyimbo za zamani, akasema moyoni, na zile sauti ambazo sasa zina makao yao. Akaifuta diski yote na kuuweka mfumo mpya juu yake. Ilichukua muda wa kunywa chai na kuosha kikombe.

Jumapili akafungasha upya. Mtambo ukapita orodha yake yenye jina moja, ukafunga, haukulalamika. Akafungua kifurushi, akabonyeza sifuri. "Ngoja kidogo, sijaanza bado." Safi, inasikika kama yupo chumbani. Hizo nyingine alikuwa ameshazisikia Ijumaa, zote, kwa masikio yake. Akafunga kompyuta akaenda kunyoa.

Jumatatu nyumba ya dada ilifagiliwa mara mbili. Mtaalamu alikuja na kompyuta ya msaada na fundi wa kufunga ule mkono wa chuma. Shemeji alikuwa ameacha tanuri kwa msaidizi, kavaa shati la kutokea, ingawa kope zilikuwa na unga kama kawaida. Bibi Maswali alipandishwa kwenye kona ya kitanda akaambiwa asiguse kitu, akauliza kwa nini, akaambiwa, akauliza mpaka lini. Dada alikuwa amefungwa kitambaa kipya kichwani. Kichwa chenyewe kiliegeshwa kwa mito miwili, na macho yake yalikuwa kwa mdogo wake tu.

Bwana Imeisha akachomeka flashi, akaweka programu, vibao vikajaa kioo kizima. Kitufe kikawekwa chini ya dole gumba. Mwanga wa njano ukaanza kutembea juu ya vibao kimoja kimoja, ukisubiri dole liuchague.

"Karibu, dada. Anza na chochote."

Dole likabonyea kwenye cha kwanza. "Ngoja kidogo, sijaanza bado."

Shemeji akageukia ukuta, mabega yakimcheza. Ile sauti ilikuwa haijasikika ndani ya nyumba kwa miezi miwili. Mtaalamu akaichomoa kalamu sikioni akairudisha. Bibi Maswali alimtazama mama yake mdomoni, akatazama kioo, akatazama tena mdomo.

"Mama amesema?"

"Amesema," akajibu mjomba wake, kifua kimemjaa.

Mwanga ukatembea. Dada aliuacha upite Nina kiu, upite Geuza mto. Aliusubiri mpaka ukafika kwenye picha ya binti yake, akabonyeza.

Kimya.

"Labda dole limeteleza," akasema mtaalamu. Dada akabonyeza tena. Kimya. Bwana Imeisha akainama, akabonyeza mwenyewe kwa kidole kwenye kioo. Akabonyeza la pili, la tatu, akashuka kwenye kiu, kwenye mbu, kwenye mikate. Programu ilitii amri yake barabara. Haikuonyesha neno jekundu hata moja.

"Ni huku tu," alisema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imepanda. "Ni mfumo huu. Kile cha kwanza kilikuwa kinasema zote, nilizisikia zote. Shemeji, lete kompyuta yako, ile ina mfumo ule wa kwanza."

Shemeji akaleta kompyuta aliyokuwa akiandikia oda za mikate, vitufe vyake vimekwama kwa unga. Kifurushi cha kwanza kikafunguka vizuri kabisa. Namba sifuri ikasema isubiriwe. Namba moja ikanyamaza. Bwana Imeisha alibonyeza mpaka kidole kikatoka jasho, na hapo, amepiga magoti kwenye sakafu iliyofagiliwa mara mbili, njia yote ikamjia kwa mpigo. Orodha yenye jina moja. Mstari wa kumi na tisa. Ijumaa ile kifurushi hakikuwa kikisema kutoka tumboni mwake. Kilikuwa kikitoka nje kwenda kuazima kwenye Muziki, kinarudi kinamwimbia, naye analia. Na Muziki ameufuta Jumamosi kwa mkono wake, akanywa na chai.

Hakumweleza mtu. Alisema tu, "Nakuja sasa hivi," akachukua kompyuta yake akatoka, viatu ameviacha mlangoni.

Kulikuwa na fundi wa diski mtaa wa pili, kibanda cha kioo kati ya duka la miwani na la vifaa vya shule, mzee wa makamo mwenye taa kwenye paji la uso. Alisikiliza yote hakumkatiza. Alifungua kompyuta, akaichomoa diski, akaiweka kwenye kifaa chake, akaangalia namba zikipita kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Umeifuta, ukaweka mfumo juu yake, ukafanyia kazi juu ya huo mfumo," alisema. "Diski za zamani zingekuachia makombo. Hizi za sasa zikiambiwa safisha, zinasafisha."

"Hata moja? Ziko mia nne."

"Nimeangalia. Hakuna."

"Nitafutie moja tu. Jina la mtoto. Sekunde mbili."

Fundi akazima taa ya paji la uso. Hakumdai chochote. "Kijana, maji yakimwagika hayazoleki," alisema, akamfungashia diski yake kwenye gazeti kama kitu cha thamani.

Alirudi kwa dada siku ya pili, kwa sababu siku ile miguu ilimkatalia. Shemeji ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa ameshaelewa, mtaalamu alimweleza alivyoweza, na mengine aliyasoma kwenye viatu vilivyolala mlangoni.

"Hukukusudia," alisema shemeji.

Bwana Imeisha alitamani kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi njia nzima, amejipanga ayapokee bila kuinua macho. Neno lile la upole lilimwumiza kama lile la daktari, akapita nalo ndani.

Dada alikuwa ameegeshwa vilevile. Mtaalamu alikuwa ameongeza ukurasa wa herufi kwenye ile kompyuta, na dada alikuwa ameanza kuuzoea. Mwanga unatembea juu ya herufi, dole linachagua, neno linajengeka kwenye mstari wa juu, bila sauti. Alimwona mdogo wake, akaanza. Herufi ya kwanza, ya pili. Ilimchukua dakika nne, na katika dakika nne hizo Bwana Imeisha alisimama mguuni mwa kitanda kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

NIONYESHE NJIA.

Akavuta kiti, akakaa. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuanza na jibu. Alianza mwanzo kabisa, folda ya Muziki, kwa nini sauti zilikuwa huko. Akaja mstari wa kumi na tisa na uvivu uliouandika. Akaja amri ya kunyamaza, akasema alifanya vile ili asimtishe. Akasema kuhusu orodha, jina moja la kujaribia, na jinsi alivyokusudia kurudi kulibadilisha. Akasema alizibonyeza zote Ijumaa, na Jumapili akabonyeza ile ya kwanza tu. Akasema mama wa usemi alimwambia aweke nakala, naye akaitikia ndiyo. Hakuruka hata hatua moja. Alipofika kwa fundi wa diski alimalizia kwa kunong'ona.

Dada alisikiliza yote kwa makini, macho yakienda kwenye kila hatua, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari. Mara moja tu, kwenye ile orodha, aliyafumba, na mdogo wake akajua kwamba ameliona kosa kabla hajalifikia. Mwisho alipeleka dole kwenye herufi tena.

SASA NIMEELEWA.

Basi. Hakuandika nimekusamehe, wala hakuandika kinyume chake. Bwana Imeisha aliweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro akasema nisamehe dada, nisamehe, nimekuua mara mbili. Dada akatoa ule mguno wake. Hakuna aliyeweza kujua ni mguno gani.

"Tunaweza kutafuta tena video za harusi za watu," alisema shemeji kutoka mlangoni, kama mtu anayepapasa ukuta. "Labda kuna mahali alisikika. Shuleni, labda."

Nyumbani walikuwa wameshatafuta tangu jana. Mwalimu huyu ndiye aliyekuwa anashika simu na kuwapiga wengine picha. Kwenye video tano walizozikuta alisikika mara moja, kwa mbali, nyuma ya ngoma za watu, akisema jambo lisiloshikika.

Hapo Bibi Maswali akaingia, kikombe cha plastiki mkononi. Alikuwa ameambiwa tangu jana kwamba kompyuta ya mama inaumwa. Akapanda kitandani kwa magoti, akasukuma kitambaa cha mama pembeni, akauangalia ukurasa wa vibao.

"Mjomba, umeiponya?"

Mtoto akanyoosha kidole, akabonyeza picha yake mwenyewe ya meno nje. Akasubiri, sikio kwenye kioo. Akabonyeza inayofuata. Akazibonyeza zote kumi na moja kwa mpangilio, bila kuruka, kwa subira ambayo hakuna mtu aliyejua kwamba anayo. Ile ya mwisho aliibonyeza mara mbili.

"Mama, kwa nini hutaki kuniita?"

Shemeji akaanza kusogea amchukue. Dada akamzuia kwa macho. Mwanga wa njano ulikuwa umeanza safari yake upya, kutoka juu, kutoka kibao cha kwanza, na pale ulipokuwa ndipo dole lilipobonyea. Ndipo palipokuwa mahali pekee pa kubonyea.

"Ngoja kidogo," ikasema sauti ya dada, yenyewe, nzima, nusu inagomba nusu inacheka, "sijaanza bado."

Uso wa mtoto ukafunguka.

"Haya," alisema Bibi Maswali, "nangoja." Akaweka kikombe sakafuni, akakunja miguu vizuri kwenye kona ya kitanda, akamkazia mama yake macho na kuanza kungoja.